Maswali ya wasomaji: Jumlisha kwanza, skwea baadaye

Toleo lililopita niliandika mistari miwili mitatu kuhusu fanksheni ya wimbi, ile tunayoiandika ψ, nikasema ukiiskwea, yaani ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe, unapata uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamemiminika, nimechukua manne, na la kwanza nitakaa nalo sana maana hayo mengine yote yametundikwa kwenye msumari huohuo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza fomu siksi, nasubiri chuo, niko nyumbani Morogoro najisomea. Hii ψ naelewa ni fanksheni, naelewa inabadilika na muda, sawa. Kinachonishinda ni kwanini yenyewe isiwe ndo uwezekano. Kwanini lazima tuiskwee kwanza? Nimemuuliza jamaa mmoja wa tuisheni akasema hiyo kariri tu, ipo hivyo. Naomba msaada.

JIBU: Marahaba mwanangu. Jamaa wa tuisheni hajakudanganya sana, vitabu vingi navyo vinaiweka kama kanuni ya kupokea tu, ila sababu ya hiyo skwea inaelezeka na wala haihitaji hesabu ngumu, inahitaji beseni.

Jaza maji kwenye beseni, yaache yatulie, alafu gusagusa kwa vidole viwili kwa mpigo mmoja, kimoja kulia kimoja kushoto. Viduara vinatoka pande zote mbili vinakutana katikati, na ukiweka beseni chini ya taa utaona kuna mistari maji yanarukaruka na kuna mistari yametulia kabisa kama hakuna anayeyagusa. Hapo palipotulia sio kwamba mawimbi hayajafika, yamefika yote mawili, ila moja limefika likiwa juu na mwenzake akiwa chini, wakauana.

Sasa jaribu kufanya hivyo kwa uwezekano. Uwezekano hauna hasi, unaanzia sifuri unaishia moja, basi. Ukimwaga mchele kwenye sahani yenye mchele hupati sahani tupu hata ufanyeje. Kwahiyo ψ ingekuwa ndo uwezekano wenyewe, njia mbili za kufika sehemu moja zingekuwa zinaongezeana tu siku zote, zisingefutana hata mara moja. Na zinafutana, watu wameliona hilo kwenye picha, nakuja huko. Lazima basi kuwe na kitu chini ya uwezekano, kitu chenye chanya na hasi kama maji ya beseni, na kitu hicho ndo ψ.

Tuweke namba ili tusipige porojo. Una ukuta wenye vitobo viwili, nyuma yake skrini, na kwenye skrini umechagua kipande kidogo kimoja cha kukilinda. Tuseme ψ ya kufika pale kupitia kitobo cha kushoto ni 0.1. Ukiacha kitobo hicho peke yake wazi, skwea ya 0.1 ni 0.01, yaani katika elektroni 100 ulizorusha inafika 1 hivi. Cha kulia nacho peke yake hivyohivyo, 1 katika 100. Akili ya sokoni inasema ukifungua vyote zitafika 2. Elektroni haina habari na soko. Unajumlisha ψ kwanza, 0.1 na 0.1 ni 0.2, ndo unaskwea, unapata 0.04, zinafika 4. Haya sogea pembeni kidogo, kwenye kipande ambacho ya kushoto ni 0.1 na ya kulia ni hasi 0.1. Jumla sifuri, skwea ya sifuri ni sifuri. Yaani kitobo kimoja kikiwa wazi zinafika, ukifungua cha pili zinakoma! Ni kama stendi iliyofungua geti la pili, alafu benchi moja lililokuwa linapata watu wawili watatu likabaki tupu kuanzia siku hiyo.

Ukigeuza mpangilio, ukaskwea kila moja kwanza ndo ujumlishe, unarudi kwenye dunia ya mchele na sahani, 2 katika 100 kila mahali. Na cha ajabu elektroni zenyewe zinarudi huko, pale unapoweka kifaa kinachorekodi kila moja imepita kitobo gani. Ikishaacha alama ya njia yake, kufutana kumekwisha.

Picha niliyoitaja ni ya Akira Tonomura na wenzake wa Hitachi, Japani, waliichapisha 1989. Wao badala ya vitobo walitumia waya mwembamba sana wenye chaji unaoipa elektroni njia mbili, kushoto kwa waya au kulia, na walizirusha kwa uchache kiasi kwamba kwa kawaida ndani ya mashine kulikuwa na moja tu kwa wakati. Umewahi kuangalia mvua inaanza kwenye uwanja wa vumbi? Tone moja pale, lingine kule, huoni mpangilio wowote. Ndo inavyoanza, kidoti kimoja kimoja, na kila kidoti ni kizima, hakuna nusu elektroni. Zikiwa kumi unaona fujo tu. Zikifika maelfu unaanza kuhisi kitu. Zikifika makumi elfu mistari imesimama wazi, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, ileile ya kwenye beseni, wakati elektroni hazikuwa pamoja njiani zikapata nafasi ya kusukumana. Kila moja ilikuja na ψ yake iliyopita kote kuwili, ikadondoka sehemu moja.

Hili la kudondoka sehemu moja ndo lililomsumbua mwanafizikia Erwin Schrödinger. Yeye alitoa mlinganyo wake wa ψ 1926 na alitamani skwea ya ψ iwe elektroni yenyewe imesambaa kama moshi. Lakini moshi ungeacha ukungu kwenye skrini, usingeacha vidoti. Mwaka huohuo Max Born, alikuwa anafundisha Göttingen Ujerumani, akawa anapiga hesabu za elektroni inayogonga atomu, akasema hapana, hili wimbi halituambii elektroni imesambaa kiasi gani, linatuambia uwezekano wa kuikuta. Na hapa kuna kitu nakipenda sana. Kwenye maandishi yenyewe ya makala yake ya kwanza aliandika uwezekano unatokana na ψ hivihivi bila skwea, kosa lako wewe hilohilo! Ilipokuwa inaenda kuchapwa ndo akaongeza tanbihi chini ya ukurasa, kwamba ukiangalia kwa makini zaidi uwezekano unaenda na skwea. Kanuni hii ya Born, inayobeba fizikia yote ya kwantamu, yaani ya vitu vidogo kama elektroni, imeingia duniani kama tanbihi. Nobeli yake walimpa 1954, miaka 28 baadaye, ameshastaafu.

Najua utaniuliza, sawa tunataka kuondoa hasi, si tungefuta tu alama ya kutoa? Kwanini skwea? Muulize fundi anayechimba msingi. Akitaka kona ya nyumba iwe pembe mraba anapima 3 upande huu, 4 upande ule, alafu anavuta kamba ya mshazari mpaka iwe 5. Hajumlishi 3 na 4 apate 7, skwea zake ndo zinazojumlishika. Sasa tuseme elektroni ina vyumba viwili tu vya kukaa, ψ ya chumba cha kwanza 0.6 na ya pili 0.8. Ukijumlisha hivihivi unapata 1.4, uwezekano wa asilimia 140, upuuzi. Skwea zake ni 0.36 na 0.64, jumla 1 kamili. Ichukulie hali ya elektroni kama mshale wenye urefu wa 1, namba zile mbili ni vivuli vyake kwenye kuta mbili za kona. Muda unavyoenda mshale unazunguka, kivuli kimoja kinakua kingine kinapungua, ila urefu haubadiliki, kwahiyo skwea za vivuli zinabaki na jumla ya 1 saa zote. Ungetumia njia ya kufuta alama, mshale ukilala ukutani jumla 1, ukifika nyuzi 45 jumla 1.41, elektroni inazaliana njiani bila mtu kuigusa. Hilo haliwezekani.

Ukifika chuo watakwambia ψ sio chanya na hasi tu, ni namba changamano, zile zenye kipeuo cha pili cha hasi moja ndani yake. Usiogope, maana yake kila ψ ni kimshale kinachoweza kuelekea upande wowote, na chanya na hasi ni pande mbili tu katika hizo. Unachoskwea hapo ni urefu wa kimshale.

SWALI: Habari mwalimu, mimi ni mwaka wa pili chuo, Dodoma. Nimefanya swali la elektroni ndani ya boksi, skwea ya ψ imenitokea 20. Uwezekano unakuwaje 20? Nimerudia mara tatu.

JIBU: Hujakosea dada yangu, acha kurudia. Nadhani boksi lako lilikuwa na urefu wa nanomita 0.1, maana hapo katikati jibu ni 20 kweli, ila ni 20 *kwa kila nanomita*. Ni kama msongamano wa watu. Kata ikiwa na watu 5000 kwa kilomita ya mraba haina maana kwenye chumba chako kuna watu 5000, unazidisha na ukubwa wa chumba. Chukua kijipande cha nanomita 0.001 pale katikati, 20 mara 0.001 ni 0.02, asilimia 2, mambo yamekaa sawa. Ukitaka eneo kubwa unajumlisha vijipande. Theluthi ya katikati ya boksi lako kwa hali ya chini kabisa ya nishati inabeba karibu asilimia 61, theluthi mbili za pembeni zinagawana iliyobaki. Na ukiulizwa uwezekano wa elektroni kuwa kwenye nukta moja kamili jibu ni sifuri, wanapenda sana kulitega hilo kwenye testi.

SWALI: Mwalimu mi nipo Dar, nabeti kidogo kidogo sio siri. Naona mnatukuza sana hii kitu. Mkeka wangu nao ni uwezekano, mpaka filimbi ya mwisho sijui kama umetiki au umechanika. Si elektroni ilikuwa sehemu yake siku zote, ni sisi tu hatujui ilipo?

JIBU: Kaka hilo swali lako Einstein alilifia nalo, kwahiyo usijione mshamba. Desemba 1926 alimwandikia Born barua, wakiwa marafiki, akamwambia nadharia imefanya mengi lakini yeye haamini kwamba Mungu anacheza kete.

Kwanza mkeka. Odi zinapangwa kwa sababu hatujui strika ameamkaje, goti la beki linauma kiasi gani, refa yukoje leo. Ungejua yote hayo odi zingeyeyuka. Uwezekano wa mkeka ni uwezekano wa kutojua, na ona kitu kimoja, uwezekano wa kutojua haufutani. Njia mbili za timu yako kushinda, kwa penati au kwa kona, hazijawahi kuungana zikakupa uhakika wa kufungwa. ψ inafanya hivyo kila siku.

Ila utanijibu bado inawezekana chini kabisa kuna jibu lililofichwa. Vizuri, 1964 John Bell, mtu wa Belfast aliyekuwa anafanya kazi CERN, maabara kubwa ya fizikia kule Uswisi, alionyesha hilo linapimika. Nakupa kwa mfano wa mchezo. Wewe na mwenzako mnakaa vyumba tofauti, hamna simu. Kila mmoja anaulizwa swali moja kati ya mawili, A au B, linachaguliwa kwa kurusha shilingi, na anajibu ndiyo au hapana. Mkiulizwa wote B mnashinda mkijibu tofauti, vinginevyo mnashinda mkijibu sawa. Mnaruhusiwa kupanga chochote kabla ya kuingia, hata muandike majibu mfukoni. Kaa chini upige hesabu, hata mpange vipi hamvuki 75 katika 100. Hiyo ndo dari ya majibu yaliyoandikwa kabla.

Mkiingia na chembe mbili zilizofungamana kikwantamu, yaani zinazoshiriki ψ moja, mkazipima kwa pembe zilizochaguliwa vizuri mnafika kama 85 katika 100. Hiyo 85 haijatoka mfukoni kwangu, ni skwea ya kosaini ya nyuzi 22.5, kanuni ya Born ileile. Vipimo vya namna hii vilianzwa na John Clauser Marekani miaka ya 1970, Alain Aspect akavikaza Ufaransa 1982, Anton Zeilinger wa Austria akaendelea, na kila mara dari ya mfukoni inavukwa. 2022 wakapewa Nobeli watatu hao pamoja. Kwahiyo ukitaka kushikilia kwamba jibu lilikuwepo siku zote, lazima ukubali majibu yanatumiana habari kwa kasi kuliko mwanga, na wapo wanafizikia wachache wamekubali bei hiyo. Mimi naiona ghali. Hela ya kubeti usiitoe kwenye kodi lakini.

SWALI: Salaam mwalimu, mimi fundi simu Mombasa. Kuna zile skrini za LCD, ukibandua ile nailoni nyeusinyeusi ya juu picha yapotea yote, yabaki nyeupe tu. Nikiirudisha picha yarudi. Nimesikia yahusiana na haya mambo yenu. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli fundi, na nakuonea wivu maana una maabara kwenye droo. Hiyo nailoni ni polaraiza, inapitisha mwanga unaotikisika upande mmoja na kuzuia wa upande mwingine. Picha kwenye LCD imeandikwa kwa upande wa mtikisiko, jicho letu halioni hilo, ndo maana ukiibandua unaona weupe mtupu. Picha haijaondoka, umeondoa msomaji wake.

Sasa kata vipande vitatu. Shika viwili kimoja nyuma ya kingine, tazama taa, zungusha kimoja polepole. Mwanga unapungua, unapungua, ukifika nyuzi 90 kiza. Fikiria fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja. Fotoni haiwezi kupita nusu, inapita nzima au inazuiwa nzima. Ikifika kwenye kipande cha pili ψ ya kupita ni kosaini ya pembe kati ya vipande. Nyuzi 60 kosaini ni 0.5, skwea 0.25, inapita 1 katika 4. Nyuzi 45 ni 0.707, skwea 0.5, nusu. Nyuzi 90 ni sifuri. Huko kufifia unakokuona ukizungusha ni kanuni ya Born inafanya kazi mbele ya macho yako, fotoni chungu nzima kwa mpigo.

Alafu fanya hivi. Acha viwili vya nje vimekatana kwa nyuzi 90, kiza kimetanda, chomeka cha tatu *katikati yao* kwa mshazari wa nyuzi 45. Mwanga unarudi! Umeongeza kizuizi na mwanga umeongezeka. Fotoni iliyopita cha kwanza ina nusu ya kupita cha mshazari, na ikishapita mshale wake umelala upya kwa nyuzi 45, kwahiyo cha mwisho nacho kinaipa nusu nyingine, jumla robo, kinadharia, maana nailoni yenyewe inakula kidogo. Ukikichomeka mbele au nyuma ya vyote viwili badala ya katikati hakitokei kitu, kiza palepale. Jaribu usiku dukani ukishafunga, na uvioshe kwanza kwa spiriti maana vya kubandua huwa vimejaa gundi.